Bomba Lisilovuja

Chuoni, Dar es Salaam
16 Februari 1997

Mama mpenzi,

Shikamoo. Idd ilipita vipi? Mimi nilikula pilau ya majirani, nikarudi chumbani na karatasi zangu.

Nina shida na bomba lenu. Unakumbuka zile mita tulizofunga kwenye mabomba ya mtaa hapo Ujiji? Utafiti wangu wote ni huo: kujua maji yanayopotea njiani kati ya tangi na ndoo. Kila mwezi naletewa tarakimu kwa treni, na kila mwezi bomba la kwa Omari, hilo hilo la nyuma ya nyumba yetu, linanitoa jasho. Tangu mwaka jana limepanda karibu mara mbili. Nyumba hazijaongezeka, mtaa ni ule ule. Basi linavuja, tena chini kwa chini, ndiyo maana hakuna anayelalamika.

Nakuomba upite pale alfajiri kabla watu hawajaanza kumwaga maji. Tazama kama kuna mahali pana unyevu, au majani mabichi yaliyoota peke yake. Ukipaona, weka jiwe, nami nitawaandikia mafundi waje kuchimba.

Mengine ni yale yale. Profesa amenirudishia sura ya tatu kwa mara nyingine, safari hii amesahihisha mikato. Siku hizi nikikaa mezani miguu inacheza yenyewe. Sijui nina nini, mama. Nasimama, nakaa, nafungua dirisha, nalifunga.

Mwanao,
Yusra


Ujiji
2 Machi 1997

Kwa binti yangu Yusra,

Marahaba, na wa aleikum salaam pia, maana hiyo wewe siku hizi huiandiki.

Nimekwenda bombani alfajiri kama ulivyotaka. Nimeinama mpaka kiuno kikalia, na majirani wakaniuliza nimedondosha hereni? Hakuna unyevu, hakuna majani, hakuna kitu. Ardhi kavu. Pengine watu wa mtaa huu wamekuwa wasafi. Joto ni kali, mtu anaoga asubuhi na jioni. Andika hivyo kwenye utafiti wako.

Nimepata msaidizi wa cherehani. Anaitwa Mwanvua, ametoka Kagunga, ana binti yake mdogo, Farida. Mkono wake mwepesi, mshono umenyooka kuliko ulivyowahi kushona wewe. Ana lafudhi ya huko mpakani, basi namfundisha salamu zetu, nasi tunacheka. Nimempa cherehani yako, ile ya mkono. Usinune. Ilikuwa inaota kutu.

Miguu inayocheza yenyewe dawa yake ni mume. Utasema mama yako ni mshamba. Haya, mimi nimeshasema.

Mama yako,
Zuleha binti Nuhu


Dar es Salaam
20 Aprili 1997

Mama,

Shikamoo. Usinikasirikie mpaka ufike mwisho wa barua.

Nimeacha chuo. Sikufukuzwa, nimeacha mwenyewe, na sasa ni mwezi wa pili. Nilipokuandikia kuhusu bomba nilikuwa nimeshaanza kwenda jioni kwenye ofisi ya gazeti moja jipya la kila wiki, hapa Kariakoo, juu ya duka la vitenge. Mhariri anaitwa Wilfred, mtu wa maneno machache na sigara nyingi. Anasema waandishi anao tele, ila hana anayejua kusoma tarakimu. Bei, matokeo ya mitihani, bajeti, yote yanatangazwa na hakuna anayeyapanga yakasema kitu. Mimi ndiyo kazi yangu sasa. Nachukua tarakimu nazigeuza ziwe habari, na mchoro juu yake.

Utauliza kwa nini. Mama, nimeandika ripoti tatu za utafiti. Zimesomwa na watu watano, na mmoja wao ni mpiga chapa. Ya mwaka juzi ilisema wazi bomba gani litapasuka. Likapasuka, na ripoti imo kabatini na vumbi lake. Wiki jana niliandika ni mitaa gani ya Dar inapata maji na mipi haipati, nikaweka michirizi ya kulinganisha. Nikawakuta watu wamesimama kwa muuza magazeti wanabishana juu ya michirizi yangu! Mmoja alikuwa anapiga ukurasa kwa kidole kama anampiga diwani mwenyewe. Sikulala siku ile kwa furaha.

Karatasi za mita za Ujiji bado zinaletwa kwa jina langu. Sijazitupa. Bomba lenu bado linanisumbua.

Nisamehe kwa kukuficha.

Yusra


Ujiji
4 Mei 1997

Injinia Yusra, au nikuiteje sasa?

Nimefika mwisho wa barua. Bado nimekasirika.

Binti Nuhu mimi, arusini nimesema binti yangu ni injinia. Msibani nimesema. Mteja anakuja kupimwa kiuno, nimemwambia binti yangu ni injinia kabla sijavuta futi. Leo niseme nini? Kwamba yuko Kariakoo, juu ya duka la vitenge, na mwanamume mvuta sigara? Gazeti ni nini, Yusra, kama si umbea uliopigwa chapa? Tena umbea wa mdomo una nafuu, mtu ukimsuta anakana. Ulioandikwa utaukanaje?

Mafundi wa mabomba wanajenga. Waandishi wanaonyesha kidole tu. Na kidole, mwanangu, hakijui kinamgusa nani.

Nimemaliza. Ukurasa wako wa michirizi umefika, Feliksi wa treni ameniletea. Nimeutandika kwenye meza ya kukatia nguo, chini ya kioo, usije ukafungiwa vitumbua. Mwanvua aliusoma akasema anayeandika hivi ana akili ya kutisha. Sikumwambia kama nimefurahi.

Kula vizuri.

Mama yako


Dar es Salaam
10 Agosti 1997

Mama yangu,

Shikamoo! Halivuji! Bomba la kwa Omari halivuji, na wala halikuwahi kuvuja. Ulisema kweli, ardhi ni kavu.

Sikiliza. Nilikaa na zile tarakimu zangu kama injinia nikiuliza maji yanapotelea wapi. Siku moja Wilfred akapita nyuma yangu akauliza, "Kwani lazima yapotee? Nani anayanywa?" Nikaacha kalamu. Nikachukua tarehe ambazo redio ilitangaza watu kuvuka kutoka Burundi, nikazipanga kando ya mita zangu. Mama, zinaenda pamoja. Watu wakivuka, baada ya wiki chache bomba linapanda, na halishuki tena. Kumbe siyo wote walio kambini. Wengine wamo Ujiji, majumbani mwa watu, wanakula chungu kimoja na wenyeji, na hakuna anayesema. Maji ndiyo yamesema.

Nimechora ramani ya Ujiji nzima. Kila bomba lina duara jeusi, na ukubwa wa duara ni wingi wa wageni. La kwa Omari ni kubwa kuliko yote! Ndiyo habari yangu ya kwanza ya ukurasa wa mbele. Nataka nchi ijue kwamba mji wetu umebeba watu hawa bila kuombwa na bila kusaidiwa, na kwamba wanastahili bomba la pili.

Sasa nakuomba jambo moja. Wewe unawajua wote mtaani. Niulizie nani amepokea wageni, waniambie wanavyoishi. Hata wasitaje majina. Naitaka sauti moja tu ya kuweka pembeni ya ramani.

Nina furaha mpaka siwezi kukaa kitini.

Yusra


Ujiji
19 Agosti 1997

Yusra,

Salamu baadaye. Usiichape hiyo ramani.

Mwanvua siyo wa Kagunga. Kagunga alilala usiku mmoja tu, pale ufukweni kwenye mchanga, aliposhushwa na mtumbwi. Jina lake Eufrasia, kwao ni Burundi, upande wa Nyanza-Lac. Mumewe alibaki kusukuma mtumbwi na hajulikani alipo. Mtoto ni Frida, tukaongeza herufi moja akawa Farida. Walifika mlangoni kwangu wanaomba maji. Nikampa kikombe. Akampa mtoto kwanza, kisha akanywa, kisha akaomba kingine kwa aibu. Huo ndio uvujaji wako.

Wala siyo mimi peke yangu. Mtaa mzima una mashemeji na mashangazi waliotoka Kagunga. Ukiwahesabu wote, Kagunga ingekuwa imebaki na mbuzi. Kila asubuhi tunawafundisha: msiseme "Mwaramutse", hiyo ya kwenu. Semeni "Mwakeye" kama Waha, au "Shikamoo" mkae kimya. Wakikosea pale bombani, mmoja wetu anadakia anajibu yeye. Ndivyo tunavyoishi.

Wiki hii limepita gari la kipaza sauti. Warundi wote waende kambini, na anayewaficha atajibu. Watu wameanza kutazamana. Askari hawajui waanzie wapi, Ujiji ni kubwa. Wewe unataka kuwachorea! Duara jeusi, kubwa kuliko yote, limekaa juu ya mlango wa mama yako.

Babu yangu alivushwa ziwa hili hili kutoka Manyema, hana kitu, hana hata jina ambalo watu wa hapa waliweza kulitamka. Ujiji ilimpa kibanda na jina. Nani alimchorea duara?

Nilikuficha kwa sababu wewe ni mtu wa kuandika. Hata ulipokuwa injinia ulikuwa unaandika kila kitu.

Feliksi anaibeba barua hii mwenyewe, haipiti posta. Nijibu kwa mkono wake.

Mama yako


Dar es Salaam
28 Agosti 1997

Mama,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nimesimama ngazini, nikairudia, nikaketi palepale watu wakawa wananiruka.

Nimekasirika, nakuambia ukweli. Mimi mtoto wako wa pekee, umeniacha nusu mwaka natafuta majani mabichi kwenye ardhi ambayo ulijua ni kavu! Ungeniambia mapema nisingechora hata nukta. Nami nakujua, utasema "na wewe ulinificha chuo." Haya, tumefichana.

Nilimwendea Wilfred. Nyumba yetu sikuitaja. Nilimwambia ramani hii itaumiza watu. Akavuta moshi akasema, "Ramani ndiyo habari. Bila ramani una malalamiko ya maji, na malalamiko ya maji ninayo kabati zima." Siyo mtu mbaya. Kwake yeye kitu cha kweli kikifichwa, kinaoza. Na mimi nilikuja kwake kwa sababu hiyo hiyo. Nikamwambia nitaichana. Akasema nakala anayo yeye.

Nilichopata ni muda tu. Nimemwambia tarakimu nilizonazo ni za zamani, gazeti litachekwa. Amekubali kusubiri karatasi ya mita ya Septemba. Maduara yakibaki vile vile, anachapa, nikitaka nisitake. Nikiondoka hapa nitakuwa nimeacha chuo na gazeti ndani ya mwaka mmoja, na ramani itatoka bila mimi.

Kinachonitesa ni kwamba tarakimu ni za kweli. Nimesomea kutafuta makosa, mama, sijasomea kuyatia. Usiku nageuka kitandani, upande huu naona Eufrasia, upande huu naona karatasi. Mtoe hapo nyumbani. Mpeleke hata Mwandiga kwa mtu.

Yusra


Ujiji
8 Septemba 1997

Kwa binti yangu Yusra,

Marahaba. Barua yako nimeielewa kuliko ulivyoiandika.

Mwandiga haendi mtu. Njia ya huko ina vizuizi.

Huku hakuna jipya. Ila wanawake wa mtaa wetu tumekuwa watembezi. Tumechoka na bomba la kwa Omari, maji yake hayana ladha. Siku hizi mmoja anateka kwa watu wa msikitini, mwingine anapanda mpaka Katubuka, mwingine anashuka ziwani na ndoo yake. Tumepangana vizuri, kama zamu za kupika shughulini. Miguu inauma lakini tunapiga soga njiani, na mimi nimepungua tumbo. Omari analalamika bomba lake limekuwa yatima.

Mita zinasomwa mwisho wa mwezi, sivyo? Nilikuwa nauliza tu.

Zuleha binti Nuhu


Dar es Salaam
12 Oktoba 1997

Mama,

Shikamoo, shikamoo tena.

Karatasi ya Septemba imefika. Nimecheka mpaka mpiga taipu akaniuliza kama nimepata mchumba.

Nimesoma mita miaka mingi. Mabomba ya kweli hayafanani hivi. Moja linazidi kwa sababu pana msiba, lingine linapungua kwa sababu mtu kapoteza ufunguo. Haya yenu yamekuwa sawasawa mtaa kwa mtaa, kama vitumbua vya kikaango kimoja. Mtu yeyote aliyesomea angeliona hilo. Wilfred hakusomea. Alitazama maduara yote yamekuwa madogo, yamelingana, akanigeukia akasema, "Wamekwenda wapi?" Nikamjibu, "Tarakimu zimebadilika." Ni kweli zimebadilika. Hakuniuliza nani amezibadilisha, nami sikusema. Akaichana ile nakala mwenyewe, akanuna siku nzima.

Nimefurahi, na nimechukia. Jambo la kwanza kubwa nililoligundua maishani nimelinyamazia. Nimeandika habari nyingine, fupi, kwamba mabomba ya Ujiji hayatoshi watu wake. Haina ramani. Imewekwa ukurasa wa nyuma, chini ya tangazo la mabati. Mimi na wewe tu ndio tunaojua kuwa ilikuwa ukurasa wa mbele.

Miguu imeanza kucheza tena. Nataka kuja nyumbani nimwone huyu Eufrasia aliyenipiku kwa mshono. Mwambie cherehani ni yake. Mwambie pia ile akili aliyoisema haikutisha kiasi hicho, imeshindwa na ndoo.

Yusra


Ujiji
2 Novemba 1997

Mwanangu Yusra,

Wamemchukua Eufrasia.

Barua yako haikumkuta. Ilikuwa zamu yake ya kupanda Katubuka. Nilimwambia umekwisha mwezi, mita zimesomwa, teka hapa hapa. Akasema ameshazoea, asubuhi ni baridi, anapenda kutembea. Pale bombani alikuwapo mgambo mmoja, Muha wa huku huku, anaijua lugha yao. Hakumfokea wala hakumdai karatasi. Alimwambia kwa upole, "Mwaramutse, mama." Na yeye, ambaye tangu avuke ziwa hakuna mtu aliyemsalimu kwa lugha yao kwa upole, akatabasamu akaitikia yote mpaka mwisho.

Waliokuwapo ndio walionisimulia. Hapakuwa na mtu wa mtaa wetu. Hapa kwa Omari angeitikia yeyote kabla yake. Angedakia hata Omari mwenyewe. Kule juu alikuwa peke yake na ndoo.

Kwanza nililaumu ramani yako. Kisha nikajilaumu mimi, maana wewe hukumtuma Katubuka, nilimtuma mimi. Nililia mpaka nikachoka kulaumu. Yeye na wageni wa mtaa wetu walipakiwa kwenye malori siku ile ile. Wengine wanasema kambi za Kasulu, wengine wanasema Kibondo. Nimekwenda kuuliza mara mbili, naambiwa, "Bibi, wewe ni nani wake?"

Frida alibaki. Alikuwa amelala ndani siku ile. Yuko mgongoni mwangu ninavyoandika, anavuta ushungi wangu, anauliza mama yake amekwenda kuteka maji wapi mbona harudi.

Nilikuambia gazeti ni kidole tu. Haya, mwanangu, sasa nakihitaji hicho kidole. Wewe ndiye uliyewaona watu waliojificha ukiwa Dar, umekaa juu ya duka la vitenge, kwa kusoma maji tu. Hawa hawajajificha, wamefichwa. Nenda ukaulize kambi kwa kambi, chora duara moja tu, dogo, uniambie yuko hapa. Hilo lichape ukurasa wa mbele. Nitalitandika chini ya kioo.

Wanawake tumeacha kutembea. Tunateka hapa hapa, hatuna tena la kuficha. Mwezi ujao utaletewa karatasi yako, utaona bomba la kwa Omari limepungua kuliko lilivyokuwa kabla hatujaanza kutembea. Mvua zimeanza huku, kubwa sana, reli imekatika mara mbili, na watu wa idara ya maji watakuambia limepungua kwa sababu ya mvua.

Siyo mvua, Yusra. Ni Eufrasia.

Mama yako,
Zuleha